Kiti Kilicholiwa na Fisi

Juzi nilipita kwenye kivuko cha mto Themi nikawakuta vijana wawili wanasafisha motokaa ya tajiri wao. Nilitaka kupita tu, maana mimi sikai mahali hata nikiwa na sababu ya kukaa. Lakini mmoja wao akachukua kitambaa kikavu akaanza kupangusa vumbi kwenye boneti, na mwili ukanisisimka kama mtu aliyesikia kisu kikikwaruza sahani. Nikawaendea mbio. Wakaniamkia shikamoo, ingawa sijafika hamsini, nami nikaitikia marahaba huku nimeshamnyang'anya yule mmoja kile kitambaa.

Walinitazama kama mwendawazimu. Haidhuru. Haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wengine mnaodhani kung'arisha motokaa ni kumwaga maji na kupiga mluzi. Nimeifanya kazi hiyo Tanga, Moshi, Nairobi, Tabora na tena hapa Arusha, mpaka tapentaini ikala ngozi ya vidole vyangu na mganga akaniambia niache. Nimeacha. Lakini nikiona madigadi yenye vumbi, mikono yangu inacheza yenyewe mifukoni.

Kwanza vumbi lenyewe. Mlima Meru zamani ulitema moto, na vumbi tunalolikanyaga hapa ni majivu yake. Litie kati ya meno ulitafune, utasikia. Ni chupa iliyosagwa. Ukilipangusa likiwa kavu unaichora rangi michirizi midogo midogo, leo huioni, kesho jua likipiga upande unaiona yote kama utando wa buibui. Kwa hiyo hupangusi. Unamwagia maji kuanzia juu, yanateremka na vumbi lake, unamwagia tena, ndipo unagusa kwa kitambaa kilicholowa. Ndoo mbili: moja ya kuoshea motokaa, moja ya kuoshea kitambaa. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye motokaa siku hiyo hata kama aliyekiangusha ni mfalme.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Fundi Feruzi, mtu wa Pangani, na aliyaanza kabla ya motokaa kufika nchi hii. Alikuwa akipaka vanishi magari ya farasi ya matajiri kule Tanga, wakati wa Mdachi. Mdachi mmoja mwenye shamba la kahawa hapa Elerai alipoagiza gari la kukokotwa na nyumbu, akamleta na Feruzi huku bara. Mdachi huyo sisi tulimwita Bwana Upesi, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Alikula upesi, alipanda farasi upesi, na mkewe alipougua akamwambia apone upesi.

Mimi nilifika shambani kwake kwa miguu. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali kule Tanga mpaka madarasa ya juu, nikaweza kuandika na kupiga hesabu, wenzangu wakawa makarani. Mimi nikatazama kiti cha karani nikaona kimefungwa minyororo. Nikawa dobi. Nikawa mpishi wa mafundi wa reli. Nikauza chumvi. Reli ilipofika Moshi nami nikafika, nikaona Meru kwa mbali, nikasema lazima nijue upande wa pili wa mlima ule una nini. Fundi Feruzi alinipa jina siku ile ile tuliyoonana: Kiguu-na-njia. Alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya kiua haikuwa na doa, na magoti yake yalilia kama mlango kila akiinama.

Halafu ikaja motokaa.

Ninyi mmezaliwa mkisikia ngurumo zake, hamwezi kujua. Ililetwa kwa reli hadi Moshi ndani ya sanduku kubwa kama nyumba, kisha Bwana Upesi mwenyewe akaiendesha mpaka huku, ikivutwa na ng'ombe kila kwenye mto. Tulisikia mlio kabla ya kuiona. Ng'ombe wa Waarusha wakatimua mbio kuelekea Terrat na wenyewe nyuma yao. Ikatokea kati ya miti ya migunga yenye magome ya manjano: kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua, taa zake za shaba, viti vyake vya ngozi nyekundu. Ilikuwa na matope hadi kooni, miiba imeichora ubavu mzima, na bado ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Fundi Feruzi aliizunguka. Akalamba kidole, akakipitisha kwenye mlango, pakabaki mstari wa kijani unaong'aa. Akaniambia, "Kiguu-na-njia, hapa hatuendi kokote."

Na kweli, nilikaa. Mimi.

Nilianza vibaya. Wiki ya kwanza niliiosha kwa maji ya mfereji uliopita nyuma ya banda, nikaiacha jua liikaushe, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kijani chote kilikuwa na madoa meupe kama mtu mwenye mba. Nikasugua, hayakutoka. Fundi hakunikaripia. Aliteka maji ya mfereji kwa kata, akanipa ninywe. Yalikuwa na magadi. Maji mengi yanayoteremka upande ule wa mlima yana magadi, na yakikauka juu ya rangi yanaacha magadi yao hapo. Tukayatoa madoa kwa siki iliyozimuliwa, kwa ncha ya kidole, doa moja moja, na tangu siku hiyo motokaa ikaoga maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa. Nawaambia na ninyi: onja maji kabla hujaosha. Ulimi unajua mambo ambayo jicho litayajua kesho.

Alinifundisha kung'arisha kivulini tu, kwenye rangi iliyopoa. Alinifundisha kufuata urefu wa bati, mbele na nyuma, wala si kuzungusha kama mtu anayekanda unga. Taa za shaba tulizisugua kwa limao na majivu ya mgomba yaliyochekechwa kwa kitambaa cha bafta, majivu laini kama poda. Ndani tulitoa mazulia tukayapiga kwa fimbo mbali na motokaa, upande ambao upepo hauendi kwenye rangi. Pembe za viti tulizitoa vumbi kwa mkia wa ng'ombe. Nta ya nyuki tuliiyeyusha na mafuta ya nyonyo na tapentaini kidogo, ikatoa harufu ambayo mpaka leo nikiisikia nageuka kutafuta kofia ya kiua.

Na mwisho wa kazi yote kulikuwa na sheria moja. Fundi alitoa mfukoni kitambaa cheupe, akakipitisha popote alipotaka: chini ya usukani, nyuma ya taa, kwenye mkunjo wa kiti. Kikitoka na rangi yoyote, tunaanza upya. Kikitoka cheupe, anasema, "Kimetoka cheupe," na ndiyo ruhusa ya kwenda kula. Hakuna siku aliyoipindisha sheria ile. Nililala na njaa mara nyingi.

Sasa nifike kwenye viti.

Ngozi ile nyekundu ilitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye ukungu. Jua la Elerai na upepo wa tambarare viliikausha ikaanza kupasuka kama kisigino. Kopo la dawa ya ngozi lililokuja na motokaa likaisha. Bwana Upesi akaagiza jingine, nalo ndilo kitu pekee katika maisha yake ambacho hakikuja upesi.

Mpakani mwa shamba lile alikaa mama mmoja wa Kiarusha, tuliyemwita Yeyo, ambayo kwa lugha yao ni mama. Alikuwa mshonaji wa ngozi. Alivaa ngozi ya ndama laini kama hariri, ukimtazama akitembea utadhani ni nguo ya dukani. Mimi nikamuuliza analainishaje. Akasema mafuta ya kondoo, nini tena? Nikamwambia Fundi. Fundi akafikiri sana, akainusa ngozi ya kiti, akasema ngozi ni ngozi. Tukaanza na kiti cha nyuma, tukakipaka mafuta ya kondoo, tukakisugua mpaka kikanywa. Jioni kilikuwa laini, kinene, kinang'aa. Tulifurahi kama watoto. Bwana Upesi naye alifurahi, akaondoka kesho yake kwenda Momela kuwinda pamoja na mgeni wake, afisa mkubwa kutoka Daressalaam. Jumapili wangerudi, na mgeni angeingia mjini mpaka bomani ndani ya motokaa, askari wamejipanga, bendera juu. Kabla ya kupanda farasi alimwambia Fundi, si mimi, kwamba motokaa iko mikononi mwake, na ikipata dosari yoyote atakwenda bomani kupokea hamsa ishirini.

Huenda ninyi hamlijui neno hilo. Ni viboko ishirini na vitano. Nimewaona vijana wenye nguvu waliovipokea wakibebwa. Fundi Feruzi magoti yake hayakuweza kumbeba hata bila viboko.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda bandani na ndoo zangu. Banda lilikuwa na paa na nguzo, halikuwa na mlango. Kabla sijafika nikaona kitu kama manyoya kwenye majani. Kisha kingine. Nilidhani fisi wameua kuku. Yalikuwa manyoya ya farasi, yale wanayojazia viti Ulaya. Kiti cha nyuma hakikuwepo. Zilikuwepo springi zake, zimesimama wazi kama mbavu, na kipande cha ngozi nyekundu chenye ukubwa wa kiganja. Fisi walikuwa wamekula kiti cha motokaa.

Nikacheka. Nawaambia ukweli, nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwona Fundi amesimama nyuma yangu, ameshika kitambaa chake cheupe, hacheki.

Nikamwambia tuondoke. Nilijua njia ya kupita Terrat hadi Kondoa, hakuna ambaye angetufuata. Yeye akatikisa kichwa.

"Wewe una miguu," akasema. "Mimi nina magoti. Nenda, mwanangu, nami nitasema ulikuwa umeondoka tangu jana."

Nilitazama njia. Nilikuwa nimeshaziacha kazi nyingi kwa sababu ndogo kuliko ile, na hakuna hata moja niliyoiaga. Lakini safari hii miguu haikutaka. Nikaweka ndoo chini, nikakimbia, ila nilikimbilia kwa Yeyo.

Yeyo alikuja na fimbo yake, akazitazama springi, akatazama nyayo za fisi, akatutazama sisi. Alicheka kwa heshima kwanza, akageuka upande. Halafu heshima ikamshinda.

"Sisi ngozi zetu tunalala nazo ndani, kwenye moshi," akasema. "Ninyi mmepika kondoo, mmemweka nje, mmekwenda kulala. Fisi afanye nini? Apige hodi?"

Nikamwambia hatuna muda wa kuchekwa. Akaniambia nyamaza, layoni. Hilo ni jina la mvulana ambaye bado hajatiwa jandoni, na kwa mtu mzima wa kutoka Tanga ni tusi zito. Nilifungua mdomo kumweleza ukweli wa mambo, Fundi akanikanyaga mguu.

Fundi alimsimulia mambo ya hamsa ishirini kwa maneno machache. Uso wa Yeyo ukabadilika. Akapima springi kwa fimbo, urefu na upana. Akasema anazo ngozi mbili za ndama ambazo hazijapakwa mafuta, alikuwa amezikusudia kwa harusi ya binti ya ndugu yake, na harusi inaweza kungoja kuliko mgongo wa mzee. Atashona. Lakini ana sharti. Kiti kikiisha, yeye awe wa kwanza kukikalia, kabla ya Mzungu yeyote. Fundi akampa mkono palepale.

Vijana, sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama siku zile. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa kama mvuke chini ya kifuniko, inatusukuma. Yeyo alishona kwa uzi wa mishipa ya ng'ombe, mshono mdogo hata ukipitisha ukucha huusikii. Manyoya tuliyaokota majanini, tukayafua, tukayaanika, hayakutosha. Fundi akaingia chumbani kwake akatoka na mto wake wa sufi aliokuja nao kutoka Pangani, akaupasua bila kuutazama.

Ikabaki rangi. Viti vya mbele vilikuwa vyekundu, na ngozi za Yeyo zilikuwa na rangi ya uji. Wekundu uliopatikana Elerai ni mmoja: udongo mwekundu wanaojipaka morani. Wao wanauchanganya na mafuta. Mafuta ndiyo yaliyotuletea wageni, kwa hiyo tukauchanganya na nta. Tukapaka, tukasugua, tukapaka tena. Kilipokauka kilifanana na viti vya mbele kama pacha. Nikaanza kuruka ruka. Fundi akatoa kitambaa cheupe, akakipitisha mara moja.

Kilitoka chekundu kama damu ya mbuzi.

Na mgeni yule, sote tulijua, angevaa sare nyeupe.

Tukasugua na kupangusa. Kitambaa chekundu. Tukaongeza nta. Kitambaa chekundu. Vitambaa vyeupe vikaisha, Fundi akavaa kanzu yake ya Idi, ile moja tu, akakikalia kiti akajigeuza geuza. Aliposimama, nyuma yake palikuwa na duara jekundu kama jua linalozama. Aliitazama kanzu, akakitazama kiti, akauliza nta imebaki kiasi gani. Ilibaki kidogo.

Hapo ndipo udobi wangu uliponirudia. Nilikuwa nimeukimbia udobi kwa sababu ya pasi ya mkaa, jasho lake na majivu yake. Lakini nilikumbuka jinsi mshumaa ukidondokea shuka, pasi inavyouzamisha ndani ya nguo hata usiweze kuutoa. Nta yetu ilikaa juu ya ngozi, na udongo ulikaa pamoja nayo. Ilibidi izame. Nikaenda kwa dobi wa nyumba kubwa nikaazima pasi yake. Fundi alisema nitaikunja ngozi kama jani kwenye moto, na kweli ngozi haitaki joto. Nikaitemea pasi mate. Yakichemka na kuruka, nangoja. Yakikauka polepole bila kelele, natandika kitambaa kibichi juu ya ngozi na kupitisha pasi upesi, kwa jina la Bwana wetu wa Upesi. Nta ikanywewa. Udongo ukaingia nao. Nikapiga pasi kiti kizima kama shati la gavana, Fundi akifuata nyuma yangu kwa kitambaa cha sufu, akisugua kingali na uvuguvugu. Yeyo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatucheka kwamba wanaume wawili wanakipigia pasi kiti, na kesho watakinyonyesha.

Jumapili asubuhi Fundi akakikalia tena na ile kanzu, ameivuta kando ili akalie sehemu ambayo haijapata doa. Akasimama. Nikatazama. Palikuwa peupe.

"Kimetoka cheupe," akasema.

Tulikuwa bado tunashikana mikono Yeyo alipofika kudai haki yake.

Alikuja na mavazi ya sherehe. Shanga shingoni na masikioni, na ngozi mpya iliyopakwa, ndiyo, mafuta na udongo mwekundu, mabichi kabisa, yanang'aa jua likimpiga. Mabega yake yalimeremeta. Na mbali, upande wa njia ya Momela, vumbi la farasi lilikuwa limeshainuka.

Nikamsogelea Fundi nikamnong'oneza amwambie angoje jioni. Jioni angekaa hata alale humo. Fundi alimtazama Yeyo, akalitazama vumbi, akautazama mkono wake mwenyewe, ule aliompa.

"Zile ngozi zilikuwa za harusi," akaniambia. Kisha akafungua mlango wa motokaa kama anavyomfungulia bibi wa Bwana, akainama, magoti yakalia. "Karibu, Yeyo. Kiti chako."

Akapanda. Akakaa katikati, mgongo wima, fimbo mkononi, akatazama mbele kama motokaa inakwenda. Hakuwa na haraka yoyote. Aliuliza mgeni anakwenda kusema nini bomani, nikamwambia sijui. Akasema kama ni mtu wa maana, atasema kiti ni kizuri. Vumbi likafika kwenye migunga. Tukasikia kwato. Yeyo akashuka, akashika njia yake katikati ya kahawa bila kugeuka, na pale alipokaa palikuwa na alama kubwa nyekundu, inang'aa kwa mafuta.

Hatukuwa na nta wala pasi. Hatukuwa na kitambaa hata kimoja kisicho chekundu. Fundi akavua kilemba alichokizungusha juu ya kofia yake, mimi nikavua shati. Mafuta hayaondolewi kwa maji. Yanaondolewa kwa unga, na majivu ya mgomba ya kusugulia taa yalikuwa pale pale, laini kama poda. Tukayamwaga juu ya alama, tukayaacha yanywe mafuta huku farasi wanaingia langoni, tukayakung'uta kwa mkia wa ng'ombe, tukapangusa kwa kilemba, kwa shati, tena kwa kilemba. Bwana Upesi alikuwa ameshaanza kupiga kelele za upesi kabla hajashuka. Kitambaa cheupe cha kujaribia hakikuwepo. Fundi alifunga mlango, na mgeni akaufungua.

Alikuwa mtu mnene, sare yake nyeupe kama maziwa, imepigwa pasi na dobi anayejua kazi. Akakaa palepale katikati. Akakaa kwa uzito.

Mimi na Fundi tulisimama kwenye vibao vya kukanyagia, yeye kulia na mimi kushoto, kwa sababu kwenye mito lazima tushuke kusukuma. Ndiyo safari yangu ya kwanza ndani ya motokaa, niliyoiota tangu siku ya sanduku. Upepo ulinipiga kifuani bila shati, watoto walikimbia pembeni, Meru ulikuwa wazi hadi kileleni, na mimi sikuona chochote isipokuwa ile sare kila motokaa ilipomrusha mgeni na kumrudisha kitini. Kila akirushwa nilisema moyoni, hapo umesugua. Hapo tena umesugua. Fundi, upande wa pili, midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Bomani ngoma zikalia. Askari wamejipanga mistari miwili, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi, wazee wa Kiarusha na wa Kimeru, mji mzima. Motokaa ikasimama. Mgeni akashuka upande wa Fundi, akatembea hatua chache, akageukia bendera kutoa heshima. Mgongo wake wote ukatuelekea.

Nilitazama. Nilianzia mabegani kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuanzia chini. Nikateremka polepole.

Palikuwa peupe. Peupe kama theluji ya Kibo.

Nikamtazama Fundi juu ya viti vyekundu. Alikuwa ameshatazama kabla yangu. Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya chini, kama alivyosema siku zote ndipo nikaruhusiwa kwenda kula:

"Kimetoka cheupe."

Kisha akashuka kwenye kibao, akageuka kufunga mlango, na shaushi mmoja, msimamizi wa wale askari, akaiona kanzu yake ya Idi, lile duara jekundu ambalo hatukupata nafasi ya kulifua. Shaushi alijizuia kwa sababu ya bendera, lakini alishindwa. "Mzee," akamnong'oneza, mabega yakimtikisika, "umekalia nini?"

Fundi Feruzi alijikung'uta nyuma kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeiweka sawa nguo ya thamani.

"Nimekalia kazi yangu," akasema.

Wale vijana wa Themi niliwarudishia kitambaa chao baada ya kukilowesha. Rangi za siku hizi za Mwingereza zinapulizwa kwa mashine, nta inakuja ndani ya kopo, na viti havina mnyama ndani yake. Vizuri sana. Lakini walipomaliza, nilitoa changu mfukoni nikakipitisha nyuma ya taa. Kikatoka na weusi. Nikawaambia waanze upya, nikajitafutia jiwe la kukalia, nami nina safari ya Babati tangu asubuhi.